Saa ya Dhahabu ya Fundi Hilali

Wapo watu wa nje wanaosema kwamba sayansi haijafika katika Jamhuri ya Tengamano. Watu hao hawajawahi kuumia wakiwa Tengamano. Angeumia mmoja wao, hata kidogo, akaletwa Hospitali Kuu ya Taifa, angekaa kwenye benchi letu saa nzima na angepata nafasi ya kutosha kufikiria upya maneno yake.

Nitaeleza mambo yalivyokuwa, moja baada ya jingine, kwa sababu kazi ya utaratibu huharibika ikisimuliwa ovyo.

Zamani Chumba cha Dharura cha Hospitali Kuu kilikuwa mahali pa aibu. Mgonjwa aliletwa, akaingizwa ndani papo hapo bila kuulizwa lolote la maana, akalazwa kwenye kitanda chochote kilichokuwa wazi, na mara nyingi akafa. Kwa mwezi walikufa watu thelathini na mmoja, mwezi mwingine arobaini. Madaktari, ambao ni watu wa kulalamika, waliandika barua. Walisema kwamba mashine ya oksijeni ni moja na inakohoa kuliko wagonjwa wenyewe, kwamba damu ya akiba huisha kabla ya Jumatano, kwamba daktari mmoja wa zamu anatazama watu themanini, na kwamba taa ya chumba cha upasuaji huwaka pale tu Ikulu, iliyo jirani, inapozima mitambo yake ya kupoza hewa. Wizara ilizipokea barua hizo kwa shukrani na kuzitafutia jalada zuri. Lakini Waziri wa Afya, Mheshimiwa Shadida Ngwale, hakuwa mtu wa kuondoa tatizo kabla halijafanyiwa utafiti. Akamwita Profesa Eustaki Mbwiga.

Profesa Mbwiga alikuwa amesoma ng'ambo miaka kumi na minne, na asilimia alizijua kama wengine tunavyojua majina ya watoto wetu. Alikaa miezi sita na vitabu vya kumbukumbu za Chumba cha Dharura. Chumba chenyewe hakuingia. Alieleza kwamba mtafiti akiingia anaweza kuona kitu kikamgusa moyo, na moyo ukishaguswa hesabu hupinda. Mwezi wa saba alitangaza ugunduzi wake mbele ya Waziri, mabalozi na kwaya ya Wizara.

"Kati ya watu mia wanaofia Chumba cha Dharura," alisema, "themanini na wanne hufa ndani ya saa moja tangu kuingia. Anayeivuka saa hiyo ya kwanza, karibu kila mara hupona. Wenzetu wa ng'ambo wanaiita saa ya dhahabu. Swali nililojiuliza mimi, ambalo wao hawakujiuliza, ni hili: ikiwa saa ya kwanza ndiyo yenye hatari, kwa nini tunawaruhusu wagonjwa waitumie ndani?"

Waliokuwa karibu wanasema Waziri alifuta machozi.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Mpango wa Saa ya Dhahabu. Kanuni zake ni nyepesi. Mgonjwa akifika, haingii. Karani wa mlangoni, Bwana Felishiani, anaandika jina kutoka kwenye kitambulisho, na mlinzi, Bwana Sospeta, anabonyeza saa aliyoning'iniza shingoni. Kisha mgonjwa anakalishwa kwenye benchi la nje, au analazwa, kutegemea ni sehemu gani ya mwili wake iliyobaki kukaliwa. Dakika sitini zikitimia mlango unafunguliwa, na jina lake linaitwa mara tatu. Akiitika, yeye au mtu wake, anaingizwa kwa heshima zote. Asipoitika, anaandikwa kwamba ameghairi huduma, na jamaa zake wanakabidhiwa siku hiyo hiyo wamchukue.

Mafanikio yalionekana upesi. Mwezi wa kwanza vifo vya ndani vilishuka hadi viwili, na hao wawili walikuwa watumishi, ambao hawakuhesabiwa kwa kuwa walipoanza zamu hawakuwa wagonjwa. Mwezi wa pili hakufa mtu. Juu ya mlango ukawekwa ubao wenye maneno SIKU BILA KIFO, na chini yake tarakimu ambazo Felishiani alizibadilisha kila asubuhi kwa mikono yake, akiwa amevaa glavu. Ni kweli kwamba walioghairi huduma waliongezeka sana. Waziri alilizungumzia jambo hilo redioni bila kuficha. Aliwakaripia wananchi kwa tabia yao ya kukata tamaa mapema.

Siku ya mia mbili na kumi na mbili ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Siku hiyo ulitarajiwa ujumbe kutoka Shirikisho la Hospitali za Dunia, watu sita wenye madaftari, waliokuja kujifunza kwetu. Ilionekana si vizuri wageni wakute benchi liko juani, kwa hiyo Wizara ikaagiza lijengwe Banda la Dhahabu, lenye nguzo zilizopakwa rangi na paa la mabati. Kazi ilipewa wiki tatu, ikaanza wiki ya tatu. Saa tatu na nusu asubuhi, saa moja na nusu kabla ya wageni, fundi wa paa Hilali Sekibo alikuwa juu akipigilia bati la mwisho. Kamba ya usalama ilikuwepo. Ilikuwa imefungwa kuzunguka banda ili watu wasikanyage sakafu mpya.

Hilali aliteleza, akaanguka ubavu wa kushoto juu ya ukingo wa benchi, kisha chini. Kutoka alipoangukia hadi mlango wa Chumba cha Dharura ni hatua tisa. Nimezipima.

Nesi Perusi Malongo, aliyekuwa mlangoni akisubiri mashuka, alimwona anaanguka. Ni mwanamke wa miaka ishirini kazini, na hilo ndilo lililomponza, maana watumishi wa zamani hufanya mambo kwa mazoea. Alimkimbilia, akamfunua kope, akamshika kifundo cha mkono, akapiga kelele iletwe machela. Felishiani alimkumbusha kwa upole kwamba mtu huyo bado hajafika. Alikuwepo, hilo halikupingwa, lakini kufika ni jambo la kuandikwa, na haliandikwi bila kitambulisho.

Kitambulisho cha Hilali kilikuwa ndani ya koti lake, na koti lilikuwa limetundikwa kwenye kenchi ya paa. Fundi mwenzake alikataa kupanda, akisema mahali pameshatokea ajali na hapajakaguliwa. Sospeta akaleta upondo mrefu wa kuangushia mapapai ya Mganga Mkuu, akaanza kulichokoa koti kutoka chini. Hilali mwenyewe, akiwa chali, ndiye aliyekuwa akimwelekeza: kushoto kidogo, inua, hapo, sasa vuta. Lilidondoka baada ya dakika kumi na mbili. Felishiani akaandika jina, Sospeta akabonyeza saa. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini na mbili.

Wakati huo mkewe alikuwa ameshafika. Bi Mwanahija alikuwa mama lishe wa getini, na mafundi na walinzi wote walikunywa chai kwake. Alikuja mbio, mikono imejaa unga.

"Usinililie," Hilali alimwambia. "Nimeangukia mlangoni pa hospitali. Ningeangukia bungeni ndiyo ungelia."

"Unaumia wapi?"

"Bega hili la kushoto. Na tumbo limekuwa gumu kama ngoma."

Nesi Perusi aliposikia habari ya bega, alikwenda dirishani akamwita Daktari Yuvenali, ambaye siku hiyo alikuwa daktari wa zamu na hivyo daktari pekee. Yuvenali alitoa kichwa nje, akamtazama mgonjwa, akamtaka nesi apime presha, akaisikia, akasema bandama imepasuka na mtu huyu anavuja damu ndani kwa ndani. Alisema apewe nusu saa na mifuko minne ya damu, naye Hilali angekunywa uji keshokutwa. Ilitokea pia kwamba asubuhi hiyo damu ilikuwepo, kwa sababu ya wageni, na taa ya upasuaji ilikuwa inawaka, kwa sababu hiyo hiyo. Alisema aletwe sasa hivi.

Sospeta alitazama saa yake. Zilikuwa zimepita dakika sita.

"Kaka Sospeta," alisema Bi Mwanahija, "chapati zangu umekula leo."

"Nimekula, shemeji, na zilikuwa laini. Lakini hii saa siyo yangu, ni ya Wizara."

Kipaza sauti cha bandani kikafunguliwa, kama kanuni inavyotaka katika dakika ya saba, na sauti ya Waziri ikawahutubia wagonjwa. Iliwapongeza kwa kuchagua uhai. Iliwafahamisha kwamba wakati wanasubiri, kwa mujibu wa takwimu wanakuwa salama zaidi kwa kila dakika inayopita. Kulikuwa na wagonjwa wengine wanne kwenye benchi. Mmoja alighairi huduma hotuba ikiendelea, na hakuna aliyemsikia.

Sasa ndipo Nesi Perusi alipofanya kosa lake.

Katika dakika ya kumi na tisa lilitoka tela la nguo chafu kuelekea kwa dobi. Lilizunguka nyuma ya banda, likakaa kidogo, kisha likarudi ndani kupitia mlango wa dobi likiwa zito kuliko lilivyotoka. Sospeta alikuwa akitazama upande wa pili. Baadaye kamati iliyochunguza mambo ya siku hiyo ilimuuliza alikuwa anatazama nini, akasema ubao.

Ndani, Yuvenali hakupoteza muda. Mfuko wa kwanza wa damu ulifunguliwa, wa pili ukafuata kwenye mkono wa pili, vyombo vya upasuaji vikatandazwa. Rangi ilianza kurudi kwenye midomo ya Hilali. Aliomba maji, akakatazwa, akauliza kama bati la mwisho limekaa sawa. Bi Mwanahija, ambaye alikuwa ameingia akisukuma tela pamoja na nesi, alimwambia limekaa sawa. Lilikuwa limepinda.

Hilali alikuwa anavutwa kuingizwa chumba cha upasuaji Profesa Mbwiga alipokuja kuhakikisha vitanda vimetandikwa kwa ajili ya wageni. Hakuwahi kumwona mgonjwa kwa karibu namna ile, na alimwomba radhi kabla ya kuuliza ni dakika ya ngapi.

Nesi Perusi alisema ya ishirini na tano.

Profesa hakufoka. Si mtu wa kufoka. Alivuta kiti, akakaa, akawaeleza kama mwalimu. Alisema anaelewa hisia zao, na kwamba yeye binafsi anamtakia fundi huyu maisha marefu. Lakini kwa siku mia mbili na kumi na mbili taifa limekuwa likijenga ushahidi kwamba saa ya kwanza ndani ya chumba hiki haina faida kwa mgonjwa.

"Akiponea humu dakika ya ishirini na tano," alisema, "tutakuwa tumemwokoa mtu mmoja na tumeua utafiti. Na utafiti una faida kwa mamilioni."

"Profesa, ukimtoa atakufa," Yuvenali alisema.

"Hayo ni makisio, Daktari. Mgonjwa hajafuatiliwa mpaka mwisho."

Yuvenali aliendelea kuvuta kitanda kuelekea upasuaji. Profesa akatoa simu, akaongea maneno machache, na taa ya chumba cha upasuaji ikazimika. Walitokea walinzi wanne waliowekwa tayari kwa ajili ya wageni, vijana wenye adabu, wakashika kitanda pembe zote nne. Bi Mwanahija alishika pembe ya tano, yaani mguu wa mumewe, akaenda nao hivyo hivyo mpaka mlangoni.

Mlangoni lilizuka suala la damu. Mifuko ile ilikuwa mali ya ndani, na mali ya ndani haitoki nje ya mlango bila hati. Felishiani alilitafakari kwa haki. Aliamua kwamba mifuko ibaki, lakini ile damu iliyokwisha kuingia mwilini mgonjwa aende nayo. Sindano zikachomolewa, pamba ikawekwa.

Likabaki suala la muda. Nesi Perusi, ambaye sasa alijihesabu ameshapoteza kazi na kwa hiyo alizungumza bila kikomo, alidai kwamba dakika zile za ndani zihesabiwe, ili Hilali abakiwe na nusu saa tu au pungufu. Felishiani alifungua kitabu cha kanuni. Alisema Saa ya Dhahabu ni saa ya nje. Dakika za ndani si dakika. Sospeta akaagizwa airudishe saa kwenye ya kumi na tisa. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

Benchi lilikuwa limefutwa kwa ajili ya wageni, kwa hiyo Hilali alilazwa nyuma ya nguzo, kichwa kwenye mapaja ya mkewe.

Nilisema tangu mwanzo kwamba mpango huu unampa mtu nafasi ya kufikiri, na Hilali aliitumia vizuri. Alimwambia mkewe nani ana ngazi yake na nani ana msumeno wake. Alimwambia mlango wa jikoni ukigoma uinuliwe kidogo kwanza. Aliuliza dakika. Sospeta alimjibu kila alipouliza, kwa uaminifu: thelathini na moja, thelathini na nane, arobaini na mbili. Kwenye ya arobaini na saba alisema anasikia baridi. Bi Mwanahija alivua kanga ya mabegani akamfunika, akainama akamwambia jambo ambalo Sospeta, aliyekuwa karibu, alikataa kulieleza hata mbele ya kamati. Hilali hakujibu.

Ilikuwa saa nne na dakika arobaini na nane.

Sospeta alichutama karibu nao. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya kazi.

"Pole sana, shemeji. Sasa sikiliza. Ghairi. Nimwambie Felishiani aandike, dakika tano unaye mumeo, na adhuhuri mmemzika."

"Zimebaki ngapi?"

"Kumi na tatu. Lakini za nini tena?"

"Alipokuwa anaumia mlizihesabu moja moja. Hesabuni na hizi."

"Shemeji, ukighairi unampata."

"Nikighairi mtaandika alikataa dawa. Hilali hakukataa dawa. Nataka aingie humo ndani, daktari aandike kwamba amekufa, na mtoe hizo namba zenu pale juu."

Sospeta alisimama, akarudi mahali pake. Hakumwambia mtu. Kamati ilimuuliza kwa nini, akasema saa ilikuwa bado inakwenda.

Saa tano kamili ujumbe wa Shirikisho uliwasili, na Waziri Ngwale mwenyewe mbele, na kamera tatu. Profesa alieleza ubao. Wageni waliandika. Kiongozi wao, bwana mrefu mwenye miwani, aliuliza kama wanaweza kumwona mgonjwa halisi akikamilisha saa yake. Waziri alisema wana bahati, yuko mmoja ambaye amebakiza sekunde chache. Watu wote wakasogea nyuma ya nguzo. Bi Mwanahija alikuwa amekaa vilevile, mgongo umenyooka, kanga imemfunika mumewe mpaka kidevuni. Macho ya mumewe alikuwa ameshayafumba.

Sospeta akabonyeza saa. Mlango ukafunguliwa. Felishiani akaita kwa sauti ya kazi.

"Hilali Sekibo."

Profesa Mbwiga alimtazama mtu aliye chini, akatazama tena, na mkono wake ukaanza kutafuta simu.

"Hilali Sekibo."

Kiongozi wa wageni alinong'ona kitu, na mkalimani akasema kwamba mgeni anasifu utulivu wa mgonjwa. Waziri alijibu kwamba huo utulivu ni matokeo ya mpango.

"Hilali Sekibo."

"Yupo," alisema Bi Mwanahija. "Amemaliza saa yake. Mwingizeni."

Wageni walipiga makofi. Kamera zilikuwa zinachukua picha, Waziri alikuwa anatabasamu, na walinzi wenye adabu walikuwa wameshamwinua. Kitabu cha mlangoni kikaandikwa: ameitika, saa tano na dakika moja. Kiongozi wa wageni akaombwa atie sahihi kama shahidi, akatia. Bi Mwanahija aliwafuata mpaka ndani, akasimama kando ya kitanda, akamwambia Daktari Yuvenali aandike.

Yuvenali aliandika. Aliandika kwamba Hilali Sekibo, fundi paa, miaka arobaini na sita, amekufa kwa kuvuja damu, saa nne na dakika arobaini na nane. Akatia sahihi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Karatasi hiyo ilijadiliwa katika ofisi ya Mganga Mkuu wageni wakila chakula cha mchana. Mjadala ulikuwa wa kiwango cha juu, nami nitauweka kwa maneno mepesi. Ikiwa Hilali alikufa saa nne na dakika arobaini na nane, basi alifia nje, na wanaofia nje wameghairi huduma. Lakini hakughairi, maana saa tano na dakika moja aliitika, na kuitika kwake kumeshuhudiwa na Shirikisho la Hospitali za Dunia. Mfu haitiki. Kwa hiyo alipoingia alikuwa hai. Baada ya kuingia alikuwa ndani, akiwa ameivuka saa ya kwanza, na utafiti umeonyesha wazi kwamba wanaoivuka saa ya kwanza hawafi. Kwa hiyo hajafa. Mtu mmoja, nadhani ni Felishiani, aliongeza kwamba hata wangetaka kuandika kifo isingewezekana, kwa sababu fomu mpya haina kisanduku chake. Kiliondolewa mwezi wa tatu kwa kukosa matumizi.

Ikaandikwa: amelazwa, hali yake ni tulivu.

Alipelekwa Wodi ya Uangalizi wa Baridi, iliyo chini ya jengo, karibu na mitambo. Ni wodi ya kisasa. Daktari Yuvenali alihamishiwa wilaya ya mpakani ambako hospitali itajengwa. Nesi Perusi hakufukuzwa, kama wengi walivyotegemea. Waziri alisema mtumishi mwenye huruma kiasi kile asipotezwe, akampangia mgonjwa mmoja tu, Hilali Sekibo. Kila asubuhi anashuka wodini na kuandika kwenye kadi joto la mgonjwa, ambalo ni sawasawa na la chumba, na mapigo ya moyo, ambayo yamebaki vilevile tangu alipolazwa. Shirikisho lilipopelekewa kadi hizo liliandika kwamba halijawahi kuona mgonjwa wa bandama mwenye vipimo visivyoyumba namna hiyo. Profesa Mbwiga alialikwa kuhutubia katika miji saba.

Bi Mwanahija alikwenda kuomba mwili siku ile ile, akaelezwa kwamba hospitali haitoi mwili wa mtu aliye hai, na kwamba ombi lenyewe linatisha. Alikwenda kesho yake. Shehe wa mtaa wao alikusudia kumsalia Hilali hivyo hivyo, akiwa hayupo, lakini alipokea barua kutoka wilayani ikimwarifu kwamba kumsalia raia aliyelazwa ni kueneza uvumi. Akaogopa, nami simlaumu, ana watoto. Bi Mwanahija alitaka angalau akae eda kama mjane yeyote. Ofisi ya mtaa ikamjulisha kwamba mke wa mtu hakai eda, na kwamba akifunga biashara yake bila sababu, kibanda cha getini atapewa mwingine. Kwa hiyo alfajiri anakanda unga kama kawaida. Walinzi wanakunywa chai na kumuuliza hali ya mgonjwa, kwa nia njema, nao wengi wao ndio waliomsaidia kumbeba.

Alimwomba Sospeta aeleze alichokiona nyuma ya nguzo. Sospeta alikuwa tayari ameeleza mbele ya kamati, na kamati ilimsifu kwa ukweli wake, ikampandisha cheo akawa mkaguzi wa mizigo kwenye lango la kutazamia wagonjwa. Maelezo yake yaliwekwa katika jalada zuri.

Ijumaa iliyopita, siku ya mia mbili na sitini ya ule ubao, Bi Mwanahija alikuja saa kumi jioni, wakati wa kutazama wagonjwa, akiwa na kapu. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Sospeta alilipokea kapu kwa mikono miwili, kama anavyofanya kwa watu anaowaheshimu, akalifungua. Juu palikuwa na chupa ya uji. Aliiweka kando. Chini ya chupa palikuwa na karafuu maiti na pamba, na chini kabisa kitambaa cheupe, kipya, kimekatwa tayari.

"Uji unaruhusiwa, shemeji."

"Uji ni wako. Yeye hanywi uji, unajua."

"Imeandikwa anakunywa. Leo asubuhi amekunywa vikombe viwili."

"Sospeta, mwili wake ukichukua siku nyingine kumi, hata Perusi hatamjua. Niache nishuke nimvike. Simtoi. Nimvike tu, nirudi zangu."

Sospeta alikikunja kile kitambaa taratibu, kona kwa kona, kama mtu aliyewahi kukunja vingi, akamrudishia mkononi, akamwonyesha tangazo lililobandikwa ukutani wiki hiyo. Na kwa kuwa macho ya Bi Mwanahija yalikuwa hayasomi vizuri siku hiyo, alimsomea yeye mwenyewe, kwa sauti ya upole: ni marufuku kumletea mgonjwa kitu chochote cha kumkatisha tamaa.